Wiki ya Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuta lori ambalo breki yake ya mkono ilikuwa imekazwa. Nilivuta dakika nzima, mikanda kifuani, macho yamenitoka, na lori halikusogea hata kidole. Watu wa Kitengela waliosimama kando ya uwanja walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Kocha, sajini mstaafu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alinijia polepole na kikombe chake cha chai.

"Winchi," akasema, na jina hilo likanikaa tangu hapo, "uliangalia breki?"

Nikamwambia hapana.

"Basi hiyo ndio kazi ya leo. Nguvu uko nayo. Enda nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kula jasho langu, mimi mtoto wa Embulbul niliyekuja Kitengela kupakia saruji. Vijana wa siku hizi wakiona mashindano ya watu wenye nguvu kwenye simu hudhani ni kukunja uso na kunguruma. Ilikuwa kazi, na ilikuwa na ufundi wake. Kulikuwa na gogo la chuma la kusukumwa juu ya kichwa, na vyuma vya kubeba kimoja kila mkono huku unatembea. Halafu kulikuwa na mawe. Tuliyamwaga wenyewe kwa saruji katika kalibu ya duara, tukayanyeshea maji juma zima ili yasipasuke. Mikononi tulipaka ulimbo, gundi nzito ya utomvu, jiwe lisiteleze. Mke wangu alinibandua ulimbo huo kwa mafuta ya kupikia, akilalamika kwamba ameolewa na mti.

Jiwe haliinuliwi kwa mkupuo mmoja. Unalitoa chini, unalipakata mapajani, unapumua, ndipo unasimama nalo na kuliweka juu ya pipa. Hapo lilipokaa mapajani, kila kitu kilinyamaza. Sikusikia watu wala refa. Niliona vumbi likielea juani, nikahisi niko mahali pa mbali sana, nimekumbatia kitu kilichokubali kubebwa. Nimestaafu miaka sasa, na bado mahali pale hunijia mchana nikisinzia kitini.

Tulizunguka sana. Namanga tulivuta malori mbele ya madereva waliokuwa wakingoja karatasi zao za mpaka, na meneja wa mashindano wa kule, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwa la kuua, alitutaka turudie kwa sababu wageni wake wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wamechelewa. Nkoroi, kwenye sherehe ya kanisa, nilibeba benchi likiwa na wazee watatu wa kanisa juu yake, na mmoja wao alisali njia nzima.

Popote tulipokwenda, sheria ya Kocha ilikuwa moja. Juma la mwisho kabla ya shindano huinui chochote. Mtoto akilia abebwe, unakaa chini, naye anapanda mwenyewe. Tuliliita wiki ya kunyamaza, maana mwili ulikuwa unakusanya nguvu bila kusema.

Mwaka wa kile kiangazi kikali, fainali ilikuwa Kajiado, na mshindi angekwenda kuiwakilisha nchi ng'ambo. Mara mbili nilikuwa nimeshika nafasi ya pili. Nilikuwa nimegonga miaka arobaini, mgongo umeanza kunong'ona, na sote tulijua kwamba nafasi nyingine haipo.

Nyuma ya uwanja wetu wa mazoezi palikuwa na boma la Mzee Lemayian. Miaka yote tulisalimiana tu kupitia ua: yeye "Sopa," mimi "Epa," basi. Wanawe walikuwa wamehama na ng'ombe kufuata majani, wakamwachia mmoja tu, mwekundu, mwenye mimba, aliyekuwa amedhoofika asiweze safari. Jumatatu ya wiki ya kunyamaza wenzangu wote walikuwa nyumbani wakipumzika. Mimi nilikuwa nimepita asubuhi kutazama mawe yangu tu. Mzee akaja akasimama kwenye lango.

"Winchi, iko ng'ombe yangu imelala, imeshindwa kuamka," akasema. "Niko na mama peke yake." Alikuwa akiangalia pembeni, kama mtu asiyezoea kuomba.

Ng'ombe aliyeangushwa na kiangazi lazima ainuliwe kila asubuhi, la sivyo miguu inakufa ganzi na hasimami tena. Ni kazi ya wanaume wanne au watano. Nilichukua mikanda yangu ya kuvutia lori, nikampitishia tumboni, nikaanza kumwinua upande wa mbele, mabegani.

"Hapana," Mzee akasema. "Nyuma kwanza. Ng'ombe inaamka na nyuma. Mbele itajiinua yenyewe."

Akashika pembe, mkewe akaweka bega ubavuni, nami nikainua nyuma. Ng'ombe akasimama akitetemeka. Nilimshikilia hadi damu iliporudi miguuni, mbavu zake kifuani mwangu, na ule ukimya ukaja, uleule wa jiwe, ila huu ulikuwa unapumua.

Nilimwinua asubuhi tano, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka akaanza kusimama mwenyewe. Kocha alipopiga simu nilimwambia nimelala tu, nanenepa. Ulikuwa uongo. Niliogopa angenikataza, na niliogopa zaidi kwamba ningemtii.

Jumamosi, Kajiado, nilikuwa ninaongoza hadi jiwe la tano, la mwisho. Nikalitoa chini, nikalipakata, nikangoja ukimya. Ukaja, nikasikia ndani yake harufu ya ng'ombe, na mgongo wangu ulikuwa mtupu kama debe. Refa mkuu alikuwa akihesabu sekunde. Nililishusha jiwe taratibu, kama unavyomlaza mtoto, na kombe likaenda kwa mwingine.

Nyuma ya hema Kocha aliokota mikanda yangu, akatoa unyoya mwekundu wa ng'ombe, halafu mwingine. Akaniuliza, nikamweleza yote. Aliikunja mikanda, mmoja baada ya mwingine.

"Sijakasirika juu ya ng'ombe," akasema mwishowe. "Nimekasirika ulinificha. Ungeniambia, ningekuja kushika mkia."

Nililia, sifichi. Maneno hayo yaliniuma kuliko mgongo.

Mvua ilinyesha, na yule ng'ombe akazaa mtamba. Alipoacha kunyonya, Mzee Lemayian alinipa. Katika desturi ya Wamaasai, waliopeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina. Kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng. Nilishindana msimu mmoja zaidi bila kutarajia chochote, kisha nikamkabidhi Kocha mikanda yangu, akanipa chai.

Watu huniuliza kama ninajuta. Ninajuta. Nililitaka lile kombe, na kuna mchana ninapoota nimesimama na jiwe la tano, pipa liko mbele yangu, sijaliweka bado. Nikiamka nakuta ni Kitengela ileile, vumbi na mabati mapya, na watoto wa watoto wa mtamba wangu wanatafuna nyasi kwenye ploti ya jirani bila ruhusa.

Siku hizi Mzee Lemayian hawezi kuinuka kitini peke yake. Jumapili nikienda kumwona, chai ikiisha, hutaka kutoka aangalie ng'ombe. Ananinyooshea mikono. "Pakiteng," ananiambia, "nyuma kwanza." Nami na mgongo wangu huu nainama, namshika kiunoni, na kabla sijavuta namuuliza kama breki ameachilia. Hucheka mpaka anazidi kuwa mzito, na tunasimama hivyo hivyo.