Saa Nne ya Asha

Harufu ya haragwe lililolowa ndani ya pamba, kama hujawahi kuinusa, ni kama ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo, ila ina utamu kidogo kwa mbali. Niliinusa Aprili hii, nilipopita asubuhi kwa binti yangu, mtaa wa Kenton. Yeye kawatoa watoto wake skuli, anawasomesha mwenyewe mezani jikoni, na dirishani kapanga chupa za jamu, kila chupa na haragwe lake. Mjukuu wangu Samira, wa miaka sita, akanisukumia daftari. Haragwe lake lilikuwa limetoa mzizi, na alitaka babu amwandikie saa. Kalamu ikaniganda mkononi.

Na mimi, jamani, si mtu wa kubabaika. Nilianza na ngazi moja na ndoo moja. Leo vijana wangu wananing'inia kwenye maghorofa ya London wakisugua vioo mpaka ndege wanavigonga. Wenye digrii zao wananingoja nimalize kusema. Na kila harusi nikipewa kipaza sauti huwaambia watu, "Mimi sikufundishwa na mtu," nao hupiga makofi. Leo nawaambia nyinyi kwamba ule ni uongo.

Nilifundishwa. Nilikuwa na miaka minane, tunakaa flati Thamesmead, hapa hapa London, ghorofa ya tatu. Wazee wetu walitoka Unguja baada ya mapinduzi, na huko mama alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Siku mdogo wangu Asha aliporudi kutoka skuli ya hapa nywele zimejaa matope, wenzake wamemchezea, mama alifunga mlango akasema, "Mwalimu yupo humu humu ndani." Baba, aliyekuwa akiosha mabasi, aliguna tu. Kwake kuguna ndiyo kukubali.

Baridi ilipopungua, darasa likahamia nje. Majira yale mama hakuwa na jina lake. Aliyaita masika ya Waingereza, mvua isiyojua hata kulowesha. Tulishuka kwenye ziwa la mtaani tukahesabu mayai ya bata bila kuyagusa. Tulipima mche wa haragwe kwa futi yake ya kushonea. Yale maua ya njano yenye mdomo uliochongoka tuliyaita matarumbeta, na mpaka leo jina lao la Kiingereza hunijia la pili. Kila kitu tulikiandika daftarini, na pembeni tukachora uso wa saa, mishale yake, na tarakimu ya saa yenyewe. Hata siku ile ambayo Waingereza, kila mwaka majira hayo, husogeza saa zao mbele kwa saa moja, mama aligomba.

"Nani kaisogeza?"

"Serikali," baba akamjibu.

"Na hapa pia wamepindua?"

Baba alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Lakini mimi nilikuwa naona haya. Mama alivaa koti la baba juu ya kanga, akapiga magoti kwenye majani kuita bata, na watoto wa jirani wakitoka skuli na mabegi yao hupita wakinililia kwak, kwak. Nilitaka begi. Nilitaka kwenda kule walikotoka wao.

Ndipo ofisi ya elimu ikamtuma bibi mmoja kuja kuona kama kweli tunasoma. Mama alipiga deki mara mbili, akatupaka mafuta. "Akiona mnasoma, atatuacha na mambo yetu," alituambia. "Akiona hamsomi, basi, darasa limekwisha." Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

Bibi yule hakuwa mbaya. Alikula visheti, akasifu haragwe. Kisha akamwonyesha Asha saa ya ukutani, mshale mdogo umesimama kwenye kumi, akamuuliza ni saa ngapi.

"Four o'clock," Asha akajibu, kifua mbele.

Kwetu alikuwa sahihi: saa nne asubuhi. Bibi akafungua daftari. Mshale kwenye nane, pembeni tumeandika 2. Mshale kwenye tisa, tumeandika 3. Akafunua, akafunua, tabasamu likimtoka kidogo kidogo, halafu akamtazama mama.

Mama aliona tatizo liko wapi. Akaniinamia. "Mwambie, mwanangu, sisi tunaanza kuhesabu jua likitoka. Hiyo ni saa ya nne ya jua. Mwambie si kosa, ni hesabu nyingine, na wewe unazijua zote mbili."

Nilizijua. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, Kiingereza safi kabisa. Dirishani ziliingia kelele za watoto wa skuli wakicheza uwanjani. Nikamtazama yule bibi nikasema, "She doesn't know."

Hajui. Basi.

"Umemwambia?" mama akauliza.

"Nimemwambia."

Akashusha pumzi, akamsogezea mgeni sahani ya visheti.

Barua ilikuja kabla haragwe halijafika nusu ya dirisha, na tukarudishwa skuli. Begi nikalipata. Nilikaa nyuma ya darasa miaka yote, nikatoka bila karatasi hata moja. Ya mle ndani nimeyasahau. Ya bata ninayo: siku ishirini na nane ndani ya yai.

Asubuhi ya kwanza mama alimwamsha Asha: "Amka, saa moja." Akaja kitandani kwangu, akasema, "Seven o'clock." Ikawa hivyo mpaka alipofariki, Asha saa moja, mimi seven o'clock. Na mimi nikitamba mbele za watu kwamba mama yangu Kiingereza kafundishwa na mimi! Nilishakuwa na wajukuu ndipo nikajiuliza: mwanamke aliyejibiwa "don't know" kila alipouliza njia katika mji huu, kweli maneno yale hakuyaelewa?

Samira alikuwa bado ananingoja. Nikaandika 2.

"Babu, that's wrong. It's eight."

Nikamwambia jua likitoka ndipo tunapoanza kuhesabu. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Oh," akachora mishale yake na kurudi kwenye haragwe lake.

Niliitazama saa. Maelezo yote hayakufika dakika moja.