Nilivyomsemea Colin

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naangalia chini hata kama nimekaa peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nasoma uhandisi Guangzhou, kule China, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wewe juzi ulikuja kwa furaha kuniambia umepata kazi ya ukalimani hospitalini. Nikakupongeza, nikakupa soda, kisha nikanyamaza, na nilikuona unashangaa. Usidhani sikufurahi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana jambo hili hata mama yako sijawahi kumsimulia.

Nilikwenda kule kwa ufadhili wa masomo. Mwaka wa kwanza wote tulifundishwa Kichina tu, na mimi Mungu alinijaalia sikio. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nabishana na wauza matunda na kuwashinda. Wafanyabiashara wetu walikuwa wameanza kufika kununua mali, wakapata habari zangu. Siku za mapumziko nilizunguka na Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyepanga chumba Sanyuanli na kununua nguo za watoto Shisanhang, mtaa wa maduka ya jumla. Alikuwa amemzidi mama yangu umri, mtu wa maneno machache, na kila Ijumaa alinilisha pilau kama vile ndiye aliyenizaa. Yeye akisema, mimi nasema kwa Kichina. Muuzaji akijibu, mimi namrudishia kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa hiyo tu, na machoni pangu ilikuwa ndogo. Mimi nilitaka kuonekana.

Ndipo ikaja habari ya mpira. Timu moja ya daraja la pili pale mjini ilimleta mshambuliaji kutoka Uingereza kwa majaribio, ikakosa mtu wa kumfasiria, na mwalimu wangu mmoja akanitaja, maana Kiingereza nilikitoka nacho nyumbani. Nikapewa traksuti nyekundu ya timu na nafasi ya kukaa mwisho wa benchi. Mwanangu, traksuti ile niliivaa darasani, niliivaa sokoni, niliivaa hata nikienda kununua sabuni. Wanafunzi wenzangu wakaanza kuniita kocha msaidizi. Walikuwa wananitania, lakini mimi kichwa kilinivimba kwelikweli.

Mwingereza mwenyewe aliitwa Colin. Usimfikirie kuwa mmoja wa wale wa kwenye televisheni. Alikuwa mrefu, ameanza upara, pua imevunjika na kuungwa vibaya. Kwenye basi la timu tulikaa pamoja, na humo alinisimulia maisha yake kidogo kidogo. Alijiunga na timu ya mji wao akiwa na miaka kumi na sita, na kabla ya kuruhusiwa kucheza alisafisha viatu vya wakubwa na kufagia chumba cha kubadilishia nguo. Kutoka hapo ikawa daraja la tatu na la nne, la nne na la tatu, mji huu na mji ule, vyumba vya kupanga, viwanja vya matope. Timu moja ilimwacha kwa barua. Nyingine ilimtoa ikapokea golikipa badala yake. Kiangazi, ligi ikisimama na mshahara ukisimama nao, alipaka rangi nyumba za watu pamoja na shemeji yake.

Mara moja tu maishani aliifunga timu kubwa, kwa kichwa, katika mechi ya kombe. Wiki nzima muuza samaki wa mtaani kwao alikataa kumtoza. Jumamosi iliyofuata alikuwa tena kwenye matope, na mashabiki walewale wakimzomea. Aliyasimulia haya akicheka. Alisema kazi yake ilikuwa kufunga magoli machache kuliko aliyoyataka yeye na mengi kuliko walivyotarajia wengine. Lakini goti la kushoto lilikuwa limeshapasuliwa, na kwao hakuna timu iliyomtaka tena. Wakala akamtajia Guangzhou. Alichotaka kilikuwa kidogo sana: mwaka mmoja, atundike daluga siku atakayoichagua mwenyewe.

Siku ya kupimwa tulikuwa watu wanne chumbani, Colin na mimi, kocha, na daktari wa timu. Daktari akauliza habari za goti. Colin akanigeukia, akasema polepole ili nisikose kitu.

"Waambie ukweli wote. Mechi moja kwa wiki goti hili linanivumilia. Mbili, linavimba. Kama hawamtaki mtu wa namna hiyo, nitarudi nyumbani bila kumlaumu mtu."

Nikamtazama kocha. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajaamua. Nikajua kwamba akiyasikia yale, Colin anarudi kwao, na traksuti inarudi kabatini. Basi nikasema kwa Kichina kwamba goti lilipasuliwa na limepona kabisa, na mwenyewe yuko tayari kwa mechi yoyote. Daktari akalikunja, akalikunjua, akalibonyeza, akaandika. Kocha akatabasamu. Colin akaniuliza, wamekubali mechi moja? Nikamwambia wamekubali. Wakapeana mikono mbele yangu, kila mmoja na uongo wake kutoka kwangu.

Na unajua nilijionaje, mwanangu? Nilijiona mwema. Nilijiambia Colin amepata mwaka wake, kocha amepata mshambuliaji wake, nani ameumia? Nakueleza hili kwa sababu siku utakayopotoka, hutasikia kengele yoyote. Utajisikia vizuri tu, kama nilivyojisikia mimi.

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda. Alifunga kwa kichwa mechi ya pili, na watoto wakawa wanamfuata nje ya uwanja wakilitaja jina lake walivyoweza. Halafu mechi zikabanana, mbili kwa wiki. Colin akaniambia nimkumbushe kocha makubaliano yao. Mimi nikamwambia kocha kwamba Colin anauliza kama anaweza kupumzika kidogo. Kocha akajibu kuwa wageni wanapenda kupumzika. Nikamrudishia Colin kwamba kocha anaomba avumilie wiki hii tu. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Kocha akamwona Colin mvivu. Colin akamwona kocha hana ahadi. Wote wawili walikuwa waungwana, ila mimi nilikaa katikati yao.

Jumatano moja alasiri, joto limekaza, aliruka kupiga krosi kwa kichwa, akatua, akaanguka. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye nyasi ameshika goti kwa mikono miwili, akatazama kwenye benchi letu. Alikuwa anamtazama kocha. Mimi hakunitazama kabisa, maana hakuwa na sababu ya kunishuku, na hilo ndilo lililoniuma.

Baada ya siku chache tuliitwa ofisini, watu walewale wanne. Kocha alisema Colin aliwaficha ugonjwa, amewadanganya, na mkataba umevunjwa. Haya niliyafasiri barabara, neno kwa neno. Colin akawa mwekundu mpaka upara, akanigeukia.

"Waambie nilisema. Wewe ulikuwepo."

Mwanangu, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi mbele yangu. Ningesema sentensi moja tu. Nikamgeukia kocha, nikasema kwa Kichina: "Anasema anaomba radhi."

Kocha akatikisa kichwa kwa huzuni. Colin akakiona kichwa kile kinatikisika, akadhani wamesikia ukweli wake na kuukataa. Akainamisha macho. Hata leo, miaka yote hii, natamani angenipiga siku ile.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Sanyuanli kwa Bi Zuhura. Sikwenda kutubu, nisikudanganye. Nilikwenda kuliwazwa. Nilimkuta anafunga marobota ya nguo kwa utepe wa gundi, nikaanza kumhadithia kwamba Mzungu wangu amepatwa na mkasa. Akaniuliza swali moja, kisha la pili, kwa upole, huku anaendelea kufunga. Nadhani alikuwa ameshauona uso wangu. Swali la nne au la tano nikawa nimeshasema yote, na utepe ameuweka chini.

"Na mie," akasema, "umekuwa ukinifasiria hivyo hivyo?"

Nikaanza kuapa kwamba yeye sijawahi kumfanyia hivyo, na ilikuwa kweli. Akainua mkono kunizuia.

"Usiape, mwanangu. Kiapo chako nacho ni maneno yako hayo hayo. Mie dukani kwa Wachina ni bubu, na wao kwangu ni bubu. Sote tumekupa midomo yetu. Nenda karudishe mdomo wa yule Mzungu kwanza. Wangu tutauzungumza baadaye."

Hakunifokea. Laiti angenifokea ningepata cha kumkasirikia. Nilirudi chuoni kwa miguu, njia ndefu, nikivuka ile mitaa ya karibu na stesheni iliyojaa watu na mizigo, na kila aliyeitazama traksuti yangu nilihisi ananisoma.

Asubuhi nilimkuta Colin kwenye bweni la timu, mguu ameuegemeza juu ya kiti, sanduku liko wazi sakafuni. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilianzia siku ya daktari nikamaliza na siku ya ofisini. Alinisikiliza bila kunikatiza, halafu akaniuliza jambo moja, kwamba siku ile ya ofisini, aliponiambia niwaambie, niliwaambia nini hasa. Nikamjibu.

"Nimeitwa mzito," akasema mwishowe. "Nimeitwa mzee, nimezomewa na watu wa mji wangu. Mwongo sijawahi kuitwa."

Akachukua magongo yake. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili na lifti hakuna. Nilimpa mkono kwenye ngazi, akaukataa, akapanda mwenyewe, ngazi moja moja, mimi nyuma yake jasho likinitoka kana kwamba mimi ndiye mwenye magongo.

Kocha alikuwepo, na daktari naye akaitwa. Siku zote mbele ya watu wale nilianza kila sentensi kwa kusema "anasema". Siku ile nilianza kwa kusema "mimi". Nilieleza maneno ya Colin ya siku ya kupimwa, yote, pamoja na lile la kurudi nyumbani bila kulaumu mtu. Nilieleza zile wiki za mechi mbili mbili. Nilieleza kwamba hakuomba radhi hata mara moja, kwa kuwa hakuwa na kosa.

Sasa fikiria hali ya Colin, mwanangu. Kichina chake kilikuwa salamu na asante. Nilikuwa nasema kweli, lakini masikioni mwake ilikuwa sauti ileile niliyoitoa siku ya uongo. Alikuwa amekaa mbele ya watu wanaomwona tapeli, na jina lake lote limo tena mdomoni mwangu. Hakunitazama hata kidogo. Aliukazia macho uso wa kocha.

Nilipomaliza, kocha aliniuliza kitu kimoja tu: ni kweli alisema mechi moja kwa wiki? Nikasema ni kweli. Akaweka kikombe chake cha chai chini, akainuka, akaizunguka meza, akauchukua mkono wa Colin kwa mikono yake yote miwili, akainama. Hapo ndipo Colin alipoamini kwamba nimesema kweli.

Mkono ule haukuliponya goti. Mkataba haukurudi, maana timu haikuwa na kazi na mtu wa magongo. Aliondoka wiki ile ile, na miezi baadaye nilisikia kwamba anapaka rangi nyumba pamoja na shemeji yake, kiangazi na baridi. Mpira hakucheza tena. Mwaka wake mmoja aliouomba nilimnyang'anya mimi, ili nivae nguo nyekundu. Traksuti ile niliivua siku ile ile ofisini, nikaikunja mezani kwa kocha nikaiacha, na hakuna aliyenizuia.

Bi Zuhura aliendelea kunilisha pilau. Ila sokoni alianza kubonyeza kalkuleta mwenyewe na kumwonyesha muuzaji, na mimi nikawa nambebea mifuko. Ilichukua muda mrefu mpaka siku moja akanigeukia mbele ya duka, akasema, "Haya, muulize." Nilimuuliza yule muuzaji kwa sauti inayotetemeka, kwa habari ya fulana za watoto tu.

Basi nisikilize. Huko hospitalini mgonjwa atakwambia jambo na utaona wazi kwamba likifika litamharibia. Lifikishe. Daktari atasema jambo zito na utataka kulilainisha kwa huruma. Usilipunguze, lifikishe kwa upole, lakini lifike zima. Neno usilolijua, sema hulijui. Aibu yake ni ndogo na inaisha siku hiyo hiyo. Na ukikosea, kama utakavyokosea, rudi mapema useme "mimi nimekosea", usingoje mtu aruke na goti bovu akidhani wenzake wanajua. Ukisikia moyoni kwamba unamsaidia mtu kwa kumbadilishia maneno yake, jichunguze vizuri umevaa nini siku hiyo.

Mungu akulindie ulimi wako, mwanangu. Akukutanishe na watu watakaokuamini, na akupe nguvu ya kuibeba imani yao bila kuipunguza. Na siku utakapojikuta wewe ndiye mgeni, huna lugha, huna mtetezi, akuletee mtu atakayesema kile kile ulichosema. Amina.