Dada Ozella, mlinzi wa miguu ya wilaya tatu

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili, Ozella Pickens anakunja mkono wa gauni lake jeupe, anachovya kiwiko kwenye beseni la maji na kukiacha humo. Anatulia kidogo. Kisha anatikisa kichwa, anachukua jagi na kuongeza maji ya baridi.

"We Ozella, leo unaogesha kichanga?" anamtania Verlene, wifi yake, anayekunja mataulo kwenye meza ya jiko la kanisa.

"Namwogesha mumeo," anajibu Ozella bila kugeuka. "Afadhali angekuwa kichanga, angelia."

Verlene anacheka, halafu kicheko kinakatika. Anarudi kwenye mataulo yake.

Leo ni Jumapili ya tano ya mwezi, na katika Kanisa la Mlima Pisga, huku kwenye tambarare za pamba za Mississippi, Jumapili ya tano ni siku ya kutawadhana miguu. Waumini wanakuja kutoka wilaya tatu. Wanaume huwatawadha wanaume, wanawake huwatawadha wanawake, na ukijiwa na mtu aliyejifunga taulo kiunoni, hukatai. Ndivyo walivyolelewa.

Ozella, mwenye umri wa miaka 57, ni mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yake ni kuwafuata majumbani wagonjwa wa kisukari, kuwapima, kuwakumbusha dawa, kuwagombeza kuhusu chai ya barafu iliyojaa sukari, na zaidi ya yote, kuwatazama miguu. Ameitazama mingi. Lakini ipo miguu ya mtu mmoja ambayo imemnyima raha tangu Pasaka, na mwenye miguu hiyo hataki kabisa iguswe.

Mtu huyo ni Mzee Lemuel Gatewood, miaka 74, mchungaji wa Mlima Pisga. Ana sukari, hilo hafichi. Anachoficha ni kwa nini anachechemea, na kwa nini siku hizi anahubiri akiwa ameketi.

"Nimemwendea mara tatu," anasema Ozella. "Mara ya kwanza aliniambia ni baridi yabisi. Mara ya pili akasema kiatu kinambana. Mara ya tatu akaniombea baraka za safari, akafunga mlango. Mimi hata safari sikuwa nayo!"

Anacheka mwenyewe, lakini macho hayacheki. Anaijua harufu aliyoisikia pale mlangoni.

Ili kuelewa woga wake, lazima urudi nyuma miaka saba, kwenye Jumapili ya tano iliyoangukia wakati wa baridi kali. Mtambo wa kupasha maji pale kanisani ulikuwa umeharibika, kwa hiyo maji yakachemshwa kwa sufuria. Aliyeyabeba kutoka jikoni ameshatangulia mbele za haki, tumwache apumzike. Shemasi Cleotha Pickens, kaka mkubwa wa Ozella na mume wa Verlene, alivua soksi, akatumbukiza miguu yote miwili kama ilivyo desturi, akangoja sala iishe ndipo mwenzake apige magoti amtawadhe.

Sala iliongozwa na Mzee Gatewood. Na sala ya Mzee Gatewood, jamani, inajulikana wilaya zote tatu. Huanzia kwa Adamu na haikimbii.

Nyayo za Cleotha zilikuwa zimekufa ganzi zamani kwa sababu ya sukari, na yeye mwenyewe hakujua zimekufa kiasi gani. Aliketi amefumba macho, akiitikia "Amina" kila palipostahili.

"Mvuke niliuona," anasema Verlene, na mikono yake inaacha kukunja. "Niliuona kabisa. Lakini kwetu hapa hakuna anayekatiza sala, hata nyumba iwe inaungua. Nikajiambia, kama maji ni ya moto si atatoa mguu? Mtu si hutoa mguu, wifi?"

Baada ya hapo ikaanza safari ya vidonda. Kliniki ya wilaya ya kwanza ilimpa Cleotha dawa ya kupaka. Ile ya wilaya ya pili ilimbadilishia vidonge bila kujua ya kwanza ilimpa nini. Alipofika hospitali ya wilaya ya tatu, maili sitini kutoka nyumbani, mguu wa kushoto ulikuwa umekuwa mweusi. Ulikatwa chini ya goti. Hakuna aliyewahi kumpima kama mishipa yake ya damu ilikuwa inapitisha damu au imeziba.

Mwaka uliofuata Ozella aliacha kazi ya kiwanda cha kambare, ambako alisimama kwenye maji ya baridi miaka kumi na tisa akichuna samaki, akaenda kusomea uhudumu wa afya. Mshahara ulipungua kwa robo. Majirani walimwona amerukwa na akili.

Kilichomkera zaidi ni kwamba wakuu wa kliniki zile mbili walikuwa hawasemezani, mwenye duka la dawa alikuwa na kinyongo na hospitali, na wachungaji walikuwa na ugomvi wao wa zamani kuhusu kinanda. Kila mmoja akimtibu mtu yuleyule kwa kona yake.

Basi akawaalika wote nyumbani kwake chakula cha mchana, siku ileile, saa ileile, kila mmoja akidhani amealikwa peke yake.

"Walikutana barazani wakatazamana kama paka na mbwa," anakumbuka. "Nikawaambia, viti ndivyo hivyo, mkate wa mahindi ndio huo. Anayetaka kuondoka aende na amani, ila kambare wangu habebi."

Hakuna aliyeondoka. Walipokwisha kuketi, Cleotha alivua mguu wake wa bandia, akauegemeza kwenye meza katikati ya wakubwa wale, akaomba apitishiwe mboga. Mkuu wa kliniki ya kwanza ndiye aliyempitishia.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ushirika wa wilaya tatu. Ulichukua miaka mingine miwili ya vikao, vingine vya kununiana, hadi kukubaliana mambo ambayo Ozella aliyataka tangu mwanzo. Mgonjwa akienda kliniki yoyote, waone alichopewa kwingine. Asiye na gari afuatwe. Mguu wa mtu usikatwe kabla mishipa yake haijapimwa. Na siku za kutawadhana, watawadhaji wafundishwe kutazama vidonda, na akionekana mwenye kidonda apelekwe siku hiyohiyo.

Makanisa yote yalikubali hilo la mwisho isipokuwa moja.

"Pimeni maji, hilo nimekubali," Mzee Gatewood aliwaambia. "Lakini beseni la Bwana si zahanati. Watu hawaji hapa kukaguliwa." Hata Cleotha mwenyewe hakumshawishi, kwa sababu wawili hao, waliokua pamoja na kuimba pamoja tangu utoto, hawakuwa wakizungumza tena. Husalimiana, "Bwana asifiwe," "Amina," basi. Katika miaka saba mzee hajawahi kuutaja ule mguu. Cleotha naye alihamia benchi la nyuma.

Ndiyo maana jana jioni Ozella alikwenda kuketi barazani kwa kaka yake.

"Kaka, kesho nenda ukamtawadhe Mzee."

"Nani? Lemuel?" Cleotha alitema maganda ya karanga. "Kwanza mimi nikipiga magoti hapo, mtaniinua kwa trekta."

"Tutakuinua."

"Halafu huyo mtu hataki hata kunitazama."

"Hatakukataa ukiwa na taulo. Mimi mwanamke, siruhusiwi kumsogelea na beseni. Wengine wanaume wanamwogopa. Nina wewe tu." "Kaka'ngu, ule mguu unaoza. Nimeusikia. Nitamwuguza tena nani mwingine, mpaka lini?"

Cleotha alimenya karanga nyingine, akaiweka kwenye kiganja cha dada yake.

Saa tano asubuhi kanisa limejaa. Wimbo wa polepole unaanzia upande wa kina mama na kuwafikia wanaume. Ozella amesimama ukutani na watumishi wenzake, mikono ameikunja nyuma, vidole vimeshikana kwa nguvu. Kutoka benchi la nyuma, Cleotha anasimama. Amejifunga taulo kiunoni. Anatembea na beseni mikononi, mguu wa bandia unagonga sakafu ya mbao, na maji yanamwagika kidogo kila hatua.

Mzee Gatewood anamwona akija. Anageuka kushoto, anageuka kulia, hana pa kwenda.

"Shemasi," anasema kwa sauti ya chini. "Mtafute mwingine."

"Nimekuja kwako, Lemuel."

"Sistahili. Wewe ndiye unajua sistahili."

Cleotha anaweka beseni chini. Inamchukua muda kupiga magoti. Anashika kiti, anateremsha goti moja, anavuta lile lingine la upande wa bandia kwa mkono, na jasho linamtoka. Hakuna anayemsaidia kwa sababu anawakataza kwa macho. Akishatua, anaanza kufungua kamba za kiatu cha mchungaji, na mchungaji anafunika uso kwa viganja.

Soksi imegandia. Cleotha anailowesha kwa maji ya beseni, taratibu, mpaka inaachia. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia kuna shimo. Harufu inapanda hadi mabenchi ya mbele. Mwanamke mmoja anaacha kuimba.

"Lemuel," anasema Cleotha. "Unayo tangu lini hii?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Na ukanyamaza?"

Mzee analia sasa, waziwazi, mabega yanamtikisika. "Nilisema ni haki yangu. Wewe ulikaa kwenye maji yale mimi nikiwa naomba. Niliomba sana, Cleotha, nilikuwa najisikia vizuri siku ile, sikutaka kumaliza. Mguu wako umekwenda kwa ajili ya mdomo wangu. Nikasema basi, Bwana ameamua kuchukua na wangu, tuwe sawa."

"Tuwe sawa?" Cleotha anamshika kisigino kwa mikono miwili. "Mpumbavu mkubwa we. Mimi nikishapata mguu wako nitaupeleka wapi?"

Kicheko kinawatoka watu waliokuwa wanalia. Hata mzee kinamtoka, kimechanganyika na kamasi. Cleotha anamtawadha mguu wa kushoto ulio mzima, na ule mgonjwa anaupangusa pembeni tu, mbali na kidonda, kisha anainua mkono kumwita dada yake.

Ozella anavuka mstari wa wanaume, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, na hakuna anayemzuia. Anachuchumaa. Anatazama. Simu tayari iko sikioni.

Muuguzi wa zamu wa ushirika anapokea mara moja. Kabla wimbo haujaisha gari liko mlangoni. Jioni hiyohiyo Mzee Gatewood ana dripu mkononi, na kliniki zote mbili zinaona anachopewa. Kesho yake anasafirishwa maili sitini, si kwenda kukatwa, bali kupimwa mishipa. Mshipa wa nyuma ya goti umeziba. Unazibuliwa. Kidole kidogo hakikuokoka, mfupa wake ulikuwa umeshaliwa.

Usiku wa operesheni Ozella hakulala. "Nilikuwa nawaza, kama wakimkata, kesho nani atanivulia soksi tena?" anasema. "Watu wangesema, si mnaona, mwenzetu aliuonyesha na bado wakaukata. Kila kitu nilichojenga kilikuwa kimelala na yule mzee pale kitandani. Na yeye mwenyewe nampenda. Alinibatiza, nilikuwa na miaka minane, akanizamisha kwenye mto nikiwa nimemng'ang'ania shingo."

Asubuhi daktari alimfunua mgonjwa blanketi mbele yao. Mguu ulikuwa na joto. Vidole vinne vilikuwa na rangi. Ozella aliuweka mkono wake juu ya unyayo ule, akauacha hapo, na daktari akasubiri.

Swali la kwanza la Mzee Gatewood lilikuwa moja: "Nitaweza kupiga magoti?"

"Kidonda kikipona, ndiyo," daktari alimjibu.

"Maana nina deni la kumtawadha mtu."

Wiki mbili baadaye, mchana wa joto, gari la ushirika linarudi kutoka hospitali katikati ya mashamba ya pamba yaliyoanza kuchanua. Ozella anaendesha. Nyuma wameketi wanaume wawili. Muuguzi ameagiza mguu wa mgonjwa usining'inie njiani, na kwa kuwa hakuna mto wa kuuwekea, Cleotha ameuchukua na bendeji zake zote, akaupakata mapajani.

Ozella anaeleza mipango yake akitazama barabara. Jumapili ya tano ijayo anataka makanisa ya ng'ambo ya mto, upande wa Arkansas, yaje yatazame. Huko hakuna ushirika wowote. Amesikia kuna mama mmoja mwenye kidonda na anakificha kwa soksi mbili. Mzee Gatewood ameahidi kwenda naye kuzungumza na wachungaji wenzake, na ameahidi kuvua soksi mwenyewe mbele yao.

"Natamani nifike mahali mtu akiumwa mguu huku kwetu aone aibu kuuficha," anasema. "Nikifika hapo, nitaketi barazani nimenye karanga. Lakini bado. Kuna wale wa kule ng'ambo, halafu wako wa kusini, halafu..."

"Dada," Cleotha anamkatiza kwa sauti ndogo kutoka nyuma, viganja vyake vimeufunika mguu ule usitikisike. "Punguza mwendo. Mzee amelala."