Kadi Iliyopotea Katika Chumba cha Ramani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni moja ya chai Kericho, Mkuu wa Idara ya Kompyuta hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa bisibisi, akaniambia nifungue mashine moja mbovu na kuifunga tena bila kubakisha skrubu. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza na mimi nilikuwa mwanamke pekee katika idara ile. Nilipomaliza akasema, "Chelangat, mashine haina kinyongo na mtu. Ukisikia mtu anasema ina kinyongo, chunguza huyo mtu."

Baada ya kuzunguka viwanda kadhaa nilitumwa kwenye shamba moja upande wa Bomet, mbele kidogo ya Kaplong. Huko walikuwa wamenunua kompyuta ya kuchora ramani za mashamba ya chai. Ili michoro ile mikubwa ionekane vizuri, ilihitaji kadi ya michoro. Hicho ni kibao chenye vyuma vidogo kinachochomekwa ndani ya mashine, kwenye mwanya wa bodi kuu, nacho ndicho kinachoipelekea skrini picha. Fundi wa duka lililouza kompyuta aliiweka, ikafanya kazi mbele ya kila mtu, akaikaza kwa skrubu, akafunga kifuniko akaenda zake. Ilipowashwa tena, mashine ikasema haina kadi yoyote. Skrini ilikuwa inaonyesha maandishi tu, kwa nguvu ya ile sakiti ndogo ya picha iliyo kwenye bodi yenyewe.

Meneja wa Shamba alinipokea mlangoni, akaufunga mlango nyuma yetu.

"Kadi haijaharibika yenyewe," alisema. "Kuna mzee hapa, Njoroge, mchora ramani. Anachora kwa mkono tangu zamani. Hii mashine ikifanya kazi, yeye hana kazi. Na ndiye alikuwa na ufunguo wa hiki chumba."

"Kuna mtu alimwona akiigusa?"

"Chelangat, wewe ni wa hapa. Unajua hawa watu wa kuja."

Miaka ile, katika sehemu zetu, watu walikuwa wanauliza jina kwanza, wajue kabila lako, ndipo wakusalimie. Njoroge alitoka Londiani, na wazazi wake walikuja huko kutoka Mkoa wa Kati. Alikuwa amesimamishwa kazi, na alikuwa ameambiwa kwamba kosa likithibitishwa, familia yake itatoka kwenye nyumba ya laini, yaani nyumba ya wafanyakazi.

Nilimkuta nje, kofia mkononi. "Mama, mimi sijafungua hata kifuniko," alisema. "Hiyo kitu naiogopa." Nilimtazama vidole vyake vyenye wino, nikajiambia kwamba hata mwizi husema hivyo.

Nilianza na kadi. Niliitoa, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mhasibu, ikatambuliwa mara moja. Kumbe ni nzima. Nikairudisha kwenye mashine yake, nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikakaa, nikawasha. Ikatambuliwa. Nikazima, nikaikaza kwa skrubu, nikafunga kifuniko, nikaenda kantini kunywa chai nikiwa na moyo mwepesi.

Niliporudi nikawasha. Hakuna kadi.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. "Njoroge ameingia hapa kuchukua penseli zake," alisema polepole. "Askari amemwona. Sasa umeamini?"

Karibu niamini. Lakini nilimshuku na meneja pia, kwa sababu kama mzee amesimamishwa na hana tena ufunguo, ni nani aliyemfungulia mlango mimi nikiwa kantini? Nikaomba funguo zote zilizopo, nikajifungia ndani peke yangu. Nikarudia kazi yote toka mwanzo. Kadi ikikandamizwa kwa kidole, inatambuliwa. Ikikazwa skrubu, haipo. Na hapo hapakuwa na mtu mwingine ila mimi.

Nikainama na tochi. Kila kadi ina kipande cha chuma pembeni, ambacho ndicho hufungwa kwa skrubu kwenye boksi la mashine. Cha hii kilikuwa kimepinda. Ukikaza skrubu, kinavutwa chini upande mmoja, na mkia wa kadi unanyanyuka kwenye mwanya, kidogo tu, jicho likipita haraka halioni. Nikakinyoosha kwa koleo, nikakaza, nikafunga, nikawasha. Kadi ikatambuliwa.

Nilimwita meneja nikamwonyesha mara mbili. Aliigusa skrubu kwa kidole.

"Basi mwambie arudi kazini," akasema.

"Mwambie wewe, bwana. Wewe ndiye uliyemsimamisha. Na watu wa laini wanasema ameharibu mali ya kampuni."

"Watasahau."

Hakumwambia. Nilimwambia mimi mwenyewe, kisha nikaenda mahali pa kupimia majani, nikawaeleza wachumaji kwamba kosa lilikuwa la chuma kilichopinda. Walinisikiliza kwa heshima. Mama mmoja akauliza kama nimepewa kitu na Njoroge ili niseme hivyo.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kapsoit, na vijana huniletea mashine zao. Ninawafundisha kwanza kuitokeza hitilafu tena wakiwa peke yao kabla ya kutaja jina la mtu yeyote. Wanaona ni ushauri wa kompyuta tu.

Njoroge alirudi kazini, lakini maneno ya watu wa laini hayakuisha, na hakukaa sana pale. Aliacha kazi, akarudi Londiani kulima viazi. Nilipita kwake mara moja nikiwa safarini kwenda Nakuru, akanipokea vizuri, akaniletea kiti. Mke wake alipotoka jikoni na chai, akauliza mgeni ni nani.

"Huyu," Njoroge alimwambia, "ndiye yule mama aliyetumwa kunichunguza."

Mke wake aliweka kikombe mbele yangu, akarudi jikoni bila kunipa mkono.