Kitanda Kibovu Studioni

Mama mdogo amekaa kwenye mitambo ya bendi miaka ishirini na sita na hajawahi kukubali kosa. Wanamuziki walipolalamika kwamba rekodi zake zinachoma masikio, aliwaambia wakanunue pamba.

Ukweli niliujua mimi, mpwa wake ninayeishi naye. Simu ilikuwa ikilia mezani asiisikie. Sauti nyembamba zilishampotea, basi akawa anazipandisha mpaka zimfikie, wengine wakiziba masikio. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta, alimwambia mbele ya watu, "Dada, Jumamosi tunarekodi. Ikitoka hivi tena, kiti hicho nampa mwingine."

Alilia jikoni kwa hasira, kisha akakubali kupimwa.

Kliniki alipewa vifaa viwili vya kusikilizia, vidogo kama maharage. Umbea wangu wa kwenye simu akawa anaunasa wote, nikajuta. Ila tarumbeta ya redioni ikivuta sauti ndefu, ilimfikia ikitetemeka. Mimi nilikata tamaa. Yeye alisikiliza mara tatu, akapiga paja.

"Hivi vinadhani tarumbeta ni ule mluzi wa spika ikikaribiana na maikrofoni! Vinaufukuza. Kufukuza mluzi si ndiyo kazi yangu kwenye mitambo?"

Tulirudi kliniki mchana ule ule. Mpimaji alieleza kwamba vifaa vimepangwa kwa ajili ya mazungumzo.

"Basi nipangie na kwa ajili ya muziki, mwanangu. Hicho kifukuza mluzi kizime."

Alimsimamia kwenye kompyuta kwa muda wa saa mbili, redio mapajani. "Shusha. Hapo hapo. Usiguse!" Maskini mpimaji wa watu, jasho lilimtoka.

Jumamosi bendi haikumaliza hata wimbo wa kwanza. Mama mdogo aliinua mkono.

"Nani kaja na kitanda kibovu humu?"

Wakatazamana. Alikwenda moja kwa moja kwa mpiga ngoma, akakanyaga pedali ya ngoma kubwa. Nyii. Nyii.

"Mbona mimi sisikii kitu?" kiongozi akasema.

Mpiga ngoma akajikuna kichwa. "Inalia mwaka wa tatu huu, mama. Nilimwambia kiongozi, akasema naota."

Ikatiwa mafuta, wakarekodi. Wimbo uliporudishwa kwenye spika, hakuna aliyeziba masikio. Mpiga ngoma alikuwa anacheza. Nilijivuna kana kwamba mitambo nimeshika mimi.

Kiongozi alisubiri wenzake wakusanye vyombo, akainama karibu na kile kiti.

"Dada," akanong'ona, "hiyo kliniki iko wapi?"

"Sema kwa sauti," alijibu Mama mdogo, "wenzio nao wanataka kujua."