Kichwa cha Kocha Pashk

Pashk Lekgjoni alizaliwa nyuma ya tanuru la shaba pale mjini Rubik, na mguu wa kushoto ndio uliomtoa kwenye moshi ule. Akacheza beki katika mji wa Shkodër, kisha Ujerumani, kwenye timu za madaraja ya chini ambako mashabiki ni wa kuhesabu na mvua haikatiki. Goti lilipogoma, alirudi kuifundisha timu ya kwao.

Alirudi na kasoro moja: kichwa. Kwetu, anayekubali hutikisa kichwa huku na huku, na anayekataa hukiinua na kukishusha. Pashk alikuwa ameshika kinyume chake, cha Wajerumani.

"Mwalimu, hiyo ndiyo ya kwetu au ya kwao?" wachezaji wakamtania.

Mwishowe akajirekebisha. Lakini mji ulikuwa umeshazoea kumcheka, na waliojua kwamba amejirekebisha ni wachezaji wake na mkewe, Dila.

Wiki ya mechi ya mwisho, Gjok Bardhi, mwenye machimbo ya mawe, alimwita kahawani. Huyo si mtu wa kukataliwa kahawa.

"Jumapili mfungwe," Gjok akasema, akikoroga sukari. "Mtashuka daraja, sawa, mwakani nitawapandisha kwa pesa yangu. Kuna watu nimeshawaahidi matokeo. Nipe besa."

Besa ni neno la mtu. Ukilivunja, hata ndugu zako hawakufungulii mlango. Woga ulimbana Pashk, tusimpambe, akajibu kwa kichwa tu. Akainua kichwa, akakishusha: hapana, ile ya Rubik. Gjok akacheka, akampigapiga begani, akalipia kahawa. Pashk akaenda zake akishangaa jinsi mzee yule alivyopokea kukataliwa kiungwana.

Jumapili, hadi mapumziko walikuwa wanaongoza kwa bao moja. Pashk akatazama jukwaani. Gjok alikuwa ametulia tuli, anatafuna mbegu za alizeti. Macho yao yalipokutana, Gjok akainua kichwa na kukishusha, taratibu, akitabasamu, kumwigiza Mjerumani.

Hapo ndipo Pashk alipoelewa: kule kahawani Gjok alikuwa amesoma ndiyo ya Kijerumani.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, nahodha Preng alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Mwalimu, tuendelee kushambulia?"

Wakishinda, yeye ni mvunja besa. Wakifungwa, amewauza hawa wanaomtazama sasa hivi, jasho likiwatiririka. Pashk akatikisa kichwa huku na huku. Hakuna aliyeuliza ni ya wapi. Wakatoka mbio, wakaongeza bao la pili.

Gjok alimngojea getini, hana hata hasira, na hilo ndilo lililomtisha Pashk.

"Ulinipa besa."

"Nilikukatalia, Gjok! Kwa kichwa chetu!"

Gjok akatema ganda la mbegu. "Na mdomo ulikuwa wapi?"

Pashk akapita njia ya nyuma, ya tanuruni, mpaka nyumbani. Akamkuta Dila ameshafunga madirisha yote na jua bado linawaka.

"Gari la machimbo limesimama hapo nje, limejaa wanaume," Dila akanong'ona. "Pashk, ulimwahidi kitu yule?"

Kichwa kikaanza kuinuka, akakizuia.

"Hapana," akasema. Kisha akageukia dirisha lililofungwa, akapaza sauti hadi ikamkwaruza koo: "Hapana! Nilisema hapana!"

Huko nje, milango ya gari ikaanza kufunguka.