Chumba Kilichongoja Wakaguzi

Wafadhili wa ng'ambo walijenga chumba cha kuzalia kwenye zahanati yetu, Mishomoroni. Kilipokamilika kikatiwa kufuli, kwani serikali ilitaka kwanza wakaguzi wake wahakikishe kwamba pesa za msaada zimetumika sawasawa. Nami niliunga mkono. Pesa za msaada tumeziona zikiliwa mchana kweupe.

Dada yangu aliposhikwa na uchungu tulimkimbiza pale. Mama akamsihi muuguzi afungue.

"Wallahi mama, sina ruhusa. Hakiguswi kitu mpaka wakaguzi waje."

Dada akajifungulia kwenye benchi la nje, tumemzungushia leso. Mtoto hakulia. Tulimzika alasiri ile ile.

Wakaguzi walipokuja, majirani tuliitwa kuwapokea. Walikuwa watu wa adabu, wakatuamkia mmoja mmoja. Wakaingia, wakapapasa kitanda ambacho kilikuwa kingali ndani ya nailoni yake. Mkubwa wao akatoka akitabasamu, akampa mama mkono, akamwambia hajapata kuona kitanda kilichotunzwa vile, hakina hata doa.

Mama akamuuliza, "Na lau kingekuwa na damu ya binti yangu, mungekikataa?"